Baiskeli Inayojifungua Njiani

Kruza ni baiskeli ya Kimarekani ya mtu asiye na haraka. Ina matairi manene, kiti kipana chenye springi, usukani uliotanuka, gia moja, na breki inayoshika mpandaji akirudisha pedali nyuma. Tairi lake la inchi 26 kwa 2.125 lilianza kusambazwa na kampuni ya Schwinn ya Chicago mwaka 1933, Marekani ikiwa katikati ya mdororo wa uchumi, na lilipendwa kwa kuwa lilimeza mashimo ya barabara bila kumsumbua aliyekaa juu. Kruza nyingi za miaka hiyo zilikuwa na tangi la bati katikati ya fremu, lenye umbo la tangi la pikipiki, ila ndani yake hamkuwa na tone la petroli. Mlikuwa na honi na betri. Baiskeli iliyolelewa hivyo ilikuwa ikimsubiri tu mtu wa kuitimizia ndoto yake.

Wazo la kufunga injini kwenye baiskeli ni kongwe kuliko kruza. William Harley na Arthur Davidson walianza hivyo mjini Milwaukee mwanzoni mwa miaka ya 1900, na mashine yao ya kwanza ilishindwa kupanda vilima vya mji huo bila kusaidiwa kwa pedali. Wakaiweka kando, wakaanza upya na fremu nyingine. Mwaka 1939, huko Los Angeles, ilianza kuuzwa injini ya Whizzer ya kufunga kwenye baiskeli ya kawaida, na kruza za Schwinn zikawa mwenyeji wake mkubwa. Naye Soichiro Honda, mwaka 1946 mjini Hamamatsu, alichukua injini ndogo za jenereta za redio zilizobaki baada ya jeshi la Japani kushindwa vita, akaanza kuzifunga kwenye baiskeli. Alipokosa tangi, alitumia chupa ya maji moto ya kupashia kitanda iliyokuwa nyumbani kwake. Historia imemsifu sana Honda kwa ubunifu huo. Haisemi mengi kuhusu aliyelala usiku ule na miguu ya baridi.

Siku hizi kazi ya kuifunga injini kwenye kruza huanza na sanduku kutoka China. Ndani yake mna injini ndogo ya mipigo miwili, ile inayokunywa petroli iliyochanganywa na oili, pamoja na kabureta, tangi, eksozi, cheni, sproketi na mfuko wa bolti. Ubavuni mwa sanduku mara nyingi huandikwa 80cc. Silinda ya injini yenyewe ina upana wa milimita 47, na pistoni hupanda milimita 38. Anayekumbuka hesabu za shule akizidisha hupata karibu 66. Zile 14 zilizobaki hakuna aliyewahi kuziona. Karatasi ya maelekezo nayo imo, kwa Kiingereza cha mtu aliyekisikia kwa mbali, na picha zake zimekolea weusi hata klachi na kabureta hufanana. Fundi wa nyumbani hukadiria kazi hiyo kuwa ya saa chache. Familia hupewa habari Jumamosi asubuhi, na Jumapili usiku gari bado hulala nje ya gereji.

Injini hukaa kwenye pembe ya chini ya fremu, upande mmoja ukibana bomba la kiti na mwingine bomba la mbele. Vibanio vya sandukuni vimepimwa kwa mabomba membamba, ilhali kruza nyingi za sasa zina bomba la mbele nene, tena lililopinda kwa ajili ya urembo. Njia halali ni kutafuta kibanio kipana. Njia ya mkato ni kutoboa bomba kwa drili na kupitisha bolti moja ndefu, nayo ni ya mkato kwelikweli, kwa sababu bomba hukatikia pale pale penye tundu, na fremu haina desturi ya kukatika ikiwa imeegeshwa.

Sehemu inayokula siku nzima ni gurudumu la nyuma. Cheni ya pedali iko kulia, hivyo ya injini hupita kushoto, na upande huo baiskeli haikuandaliwa sproketi. Watengenezaji walilitatua jambo hilo kwa ujasiri: sproketi ya meno 44 hufungwa kwenye spoki zenyewe, kwa mipira inayozibana spoki ndani na nje, na bolti tisa za kuikaza. Spoki ambazo kazi yao ilikuwa kubeba mtu na kikapu sasa hutakiwa pia kuivuta safari yote. Bolti za upande mmoja zikikazwa kuliko za upande wa pili, sproketi hukaa mshazari na cheni hukaza na kulegea kila gurudumu linapozunguka. Basi fundi huketi sakafuni, huzungusha gurudumu, hutazama, hukaza kidogo, huzungusha tena. Jirani aliyekuja kuazima ngazi husimama mlangoni kwa muda, kisha huondoka bila ngazi.

Kwa kruza kuna balaa la ziada. Breki yake imo ndani ya kitovu cha gurudumu, kwa hiyo kitovu hicho ni kinene, na kina mkono wa chuma uliofungwa kwenye fremu upande ule ule wa kushoto. Tundu la sproketi mara nyingi halipiti. Hapo tupa hutolewa, na chuma husuguliwa mpaka taa za mtaani ziwake. Vipo vibanio maalumu vya kuifunga sproketi juu ya kitovu chenyewe, bila kuzigusa spoki, na watu wengi husikia habari zake wakiwa wameshamaliza kusugua.

Kifaa chenye sura ya upole kuliko vyote ni kikaza cheni, kigurudumu kidogo kinachofungwa kwenye bomba la nyuma ili cheni isilegee. Hushikwa kwa bolti mbili tu. Zikilegea, kikaza huteleza kuzunguka bomba, huinama ndani na kuingia kwenye spoki, na shughuli yote ya siku ile huishia hapo. Mafundi waangalifu hupanga sproketi mbili zitazamane sawasawa na kukata cheni kwa urefu unaotosha, ili kikaza kiwe na kazi ndogo au kisiwepo kabisa. Wengine hujifunza spoki za baiskeli huuzwa kwa bei gani.

Pedali nazo hutaka kusikilizwa. Injini na eksozi ni pana kuliko alivyotarajia aliyeiunda baiskeli, na mkono wa pedali huweza kugonga bomba la moshi kila mzunguko. Dawa ni mikono mipana zaidi ya pedali. Kulikunja bomba la moshi kwa nyundo pia hujaribiwa, na matokeo yake huonekana.

Upande wa umeme ni mfupi: waya wa bluu kwa wa bluu, mweusi kwa mweusi. Vizalisha umeme vya injini (magneto) vyenye waya wa tatu, mweupe, ndivyo vyenye mtego. Swichi ya kuzimia haitakiwi kuunganishwa nao, kwa kuwa huweza kuunguza koili, kwa hiyo busara ni kuufunga utepe na kuuacha. Lakini waya usio na kazi humkera mtu mwenye koleo mkononi.

Kisha huja kuwasha. Injini hii haina stata. Mpandaji hubana klachi, hupiga pedali mpaka baiskeli ishike mwendo, halafu huiachia klachi, gurudumu likaizungusha injini ikawaka. Wakati mwingine huwaka kupita kiasi. Ndani ya kabureta mna kipande cha mviringo kinachopanda na kushuka kufuata waya wa mafuta, nacho kina mfereji ubavuni ambao lazima uikalie pini yake. Kikiingizwa kimegeuka hukwama juu, na injini huanza maisha yake kwa mwendo wa mwisho. Swichi ya kuzimia ingefaa sana saa hiyo, ila kwa mafundi wengi swichi ndiyo iliyoachwa iwe ya mwisho, waone kwanza kama itawaka. Kubana klachi huiokoa baiskeli lakini huiondolea injini mzigo, nayo hulia maradufu. Kilichobaki ni kufunga choki, au kuziba mdomo wa chujio la hewa kwa kiganja. Kuchomoa waya wa plagi kwa mkono mtupu nako huzima injini, lakini hakuna anayeirudia njia hiyo.

Oili huchanganywa na petroli kwa sababu pistoni na beringi hazina pengine pa kupata ulainisho. Kwa matangi ya kwanza wauzaji wengi hutaka sehemu moja ya oili kwa 16 za petroli, yaani robo lita kwenye lita nne; baadaye kiwango hupunguzwa, na wengi hufikia moja kwa 32. Kipindi hicho cha mwanzo hujulikana mtaani bila kutangazwa. Moshi wa bluu hutanda, nguo huanuliwa mbichi, madirisha hufungwa moja baada ya jingine kadiri baiskeli inavyosogea. Anayesahau oili kabisa hupata injini safi isiyotoa moshi, kwa dakika chache.

Hesabu ya mwendo ni rahisi kuliko yote haya. Gia za ndani hupunguza mizunguko ya injini mara 4.1, na sproketi ya meno 10 ikivuta ya meno 44 huipunguza mara 4.4 tena. Injini ikizunguka mara 5,000 kwa dakika, gurudumu huzunguka mara 277, na kwa tairi la inchi 26 huo ni mwendo wa kilomita 34 hivi kwa saa. Ni namba ndogo kwa aliyemo ndani ya gari. Juu ya kiti cha springi, mdudu akiwa ameshaingia mdomoni, si ndogo.

Safari zikianza ndipo hujulikana adui ni nani, naye ni mtetemo. Pistoni ni moja, haina mwenzake wa kwenda kinyume nayo, na mtikisiko wake hupita kwenye fremu hadi kwenye kila nati. Baiskeli ya miguu haitetemeki namna hiyo, ndiyo maana madigadi zake hushikiliwa na skrubu nyembamba za kutia huruma. Kengele huondoka mapema, ingawa haihitajiki tena kwa baiskeli inayosikika mtaa wa pili. Stendi haidondoki, yenyewe hushuka, na huchagua kona. Nati za eksozi zikitoka, mpandaji hajui kwa kuona bali kwa kusikia, yeye pamoja na wagonjwa wote wa jirani. Mwenye kruza ya injini hutambulika hata akiwa kwa miguu: huirudia njia aliyopita, taratibu, macho chini, akipekua nyasi za kando kwa ncha ya kiatu.

Tiba zipo. Ipo gundi ya bluu ya kutia kwenye nyuzi za bolti, zipo nati zenye pete ya plastiki ndani, na zipo bolti ngumu za daraja la 8.8 za kuchukua nafasi ya zile laini za sandukuni. Kukaza kwa hasira si tiba. Injini imetengenezwa kwa aluminiamu, na bolti ikikatikia humo ndani kuitoa ni kazi ya fundi mwingine, ambaye atauliza ilikuwaje.

Breki huachwa hadi mwisho na karibu kila mtu, jambo lisiloeleweka kwa viumbe wenye magoti. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nishati ya kuzimwa na breki huongezeka mara nne. Breki ya ndani ya kitovu iliundwa kumsimamisha mtu anayerudi kutoka ufukweni, na ikishushiwa mlima kwa injini hupata moto mpaka grisi yake huanza kunuka. Breki ya mbele ni lazima iongezwe, lakini mkono wa kushoto tayari umeshika klachi, kwa hiyo wa kulia hubaki na mafuta na breki kwa pamoja. Usukani ule uliokuwa na kengele peke yake sasa humtaka mpandaji vidole ambavyo hakuzaliwa navyo.

Baada ya hayo, au mara nyingi kabla ya hayo, huja mapambo. Mtindo unaopendwa sana ni wa pikipiki za mbio za miaka ya 1910, zilizokimbizwa Marekani kwenye viwanja vilivyotandikwa mbao: usukani wa chini, tangi jembamba lililotundikwa ndani ya fremu, matairi ya rangi ya maziwa. Rangi mpya hupakwa kwa uangalifu, kisha hukwaruzwa ionekane kuukuu. Kundi jingine hupenda usukani mrefu unaomfanya mpandaji anyooshe mikono juu kama aliyeamriwa na polisi. Usukani huo hufungwa kwa nusu saa. Halafu hugundulika kwamba nyaya za klachi, za breki na za mafuta zote ni fupi.

Polisi wenyewe hutofautiana, kwa sababu kila jimbo la Marekani lina sheria yake. California huitambua baiskeli ya injini yenye pedali, isiyofika nguvu farasi 4 na isiyozidi maili 30 kwa saa, yaani kama kilomita 48, na humtaka mwenye nayo awe na namba na leseni ya daraja la pikipiki. Wapo wanaozima injini wakimwona askari na kuanza kupiga pedali kwa utulivu, wakidai kuwa hiyo ni baiskeli tu. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu zaidi kama eksozi isingekuwa bado inafuka. Tena kruza yenye gia moja, iliyobeba injini na tangi lililojaa, ni nzito kwa miguu, na askari hana haja ya kukimbia ili aifikie.