Namna ya Kumgandisha Alain Delon

Kabla ya yote, chagua mwaka. Wanaoanza huchagua mwigizaji, na hapo ndipo wanapopotea. Mwigizaji huzeeka, huachana na mchumba mliyempenda nyote, hutoa maoni ya siasa, huota kitambi. Mwaka haufanyi lolote kati ya hayo. Kwa Alain Delon, Mfaransa aliyezaliwa Sceaux, jirani na Paris, tarehe 8 Novemba 1935, mwaka unaokubalika ni 1960. Unaweza kulegeza masharti hadi 1963, na ukiwa mtu wa huruma, hadi 1969. Kwamba baada ya hapo aliigiza kwa miongo kadhaa, akapewa tuzo ya César kwa filamu ya 1984, na akafariki Agosti 2024 akiwa na miaka 88, hayo ni mambo ya familia yake.

Filamu ya kufungulia kazi ni Plein Soleil ya René Clément, iliyotoka mwaka huohuo wa 1960. Imetokana na riwaya ya Patricia Highsmith, The Talented Mr. Ripley, ya 1955. Kisa si cha lazima kwako, lakini nikudokezee kidogo ili usije ukaaibika mbele za watu. Tom Ripley, kijana fukara wa Kimarekani, ametumwa Italia kumrudisha nyumbani Philippe, mtoto wa tajiri. Anamzoea, anamhusudu, anamchoma kisu ndani ya mashua katikati ya bahari, anavaa mashati yake, anaiga saini yake, anachota fedha zake benki, na mwisho anamgeukia mchumba wake. Tom ni Delon, ambaye alikuwa hajatimiza miaka 25. Kwa maneno mengine, steringi ndiye muuaji. Waliokulia kwenye mabanda ya video wanaijua kanuni kwamba steringi hafi. Hapa kanuni imeongezwa kifungu: akiwa mzuri kiasi hiki, hata kushukiwa hashukiwi.

Tuje kwenye vifaa vya kukusanyia picha zake. Huduma nyingi za filamu za kulipia hazitakufaa. Ukipiga skrinishoti unapewa mstatili mweusi, maana zimefungwa ili watu wasiibe, na wewe, hata ujitetee vipi, uko kwenye orodha ya wanaozuiwa. Wapo wanaoelekeza simu kwenye televisheni na kupiga hivyohivyo. Matokeo yake ni Delon mwenye balbu ya sebule yako katikati ya paji la uso, na karibu na sikio lake kivuli cha mtu mnene aliyeinua mikono. Kivuli hicho ni chako. Wakubwa wa fani hununua diski, huifungua kwenye kompyuta kwa VLC, hubonyeza herufi E kusogeza filamu fremu moja moja, kisha Shift na S kuhifadhi. Picha inaingia kwenye folda ikiwa na jina refu linaloanza na vlcsnap. Usilibadilishe. Ukishazoea utaanza kuyatambua majina hayo kwa sura, na hapo ujue umefuzu.

Hesabu nayo ni rahisi. Filamu hukimbia fremu 24 kwa sekunde, na Plein Soleil ni ya karibu saa mbili. Saa mbili ni fremu 172,800. Ondoa bahari, mashua, vichochoro vya Roma, na binadamu wengine wote.

Sasa kaa chini, maana hapa ndipo wengi hukata tamaa. Ukizipitia zile zilizobaki utagundua kwamba kijana aliyeelezwa kwa vizazi vitatu kuwa mwanamume mzuri kuliko wote wa sinema ya Ulaya ana, katika fremu nyingi mno, jicho moja lililofumba nusu. Akipepesa, kope zinashuka na kupanda kwa fremu kadhaa, na katika kila mojawapo anaonekana mtu aliyeamshwa usiku kupokea habari mbaya. Akizungumza ni balaa zaidi, kwa kuwa Kifaransa ni lugha ya kubinua midomo, na ukimgandisha katikati ya irabu utapata mtu anayepuliza chai. Akigeuka haraka, shavu linasambaa, kwa sababu kamera ya filamu huacha mwanga uingie kwa takriban sehemu moja ya 48 ya sekunde katika kila fremu, na muda huo unamtosha mtu kusogea. Picha iliyotulia, macho wazi, mdomo umefungwa, nywele zimeangukia pale zinapopaswa kuangukia, ni ajali. Mtu mwenye tabia ya kufikiri angeanza kujiuliza kama uzuri alioupenda jana ukumbini haukuwa ndani ya fremu yoyote, bali katika kupita kutoka moja hadi nyingine: namna alivyoinua macho, alivyochelewa kutabasamu, alivyotembea. Wewe usijiulize. Bonyeza E mara sita, endelea.

Ukimpata, mkate. Huu ndio ufundi wenyewe. Katika Plein Soleil kuna matembezi marefu ya Tom kati ya wauza samaki, jua kali, koti begani, vichwa vya samaki vimetazama juu. Clément hakuwaweka samaki wale bure: hapo tunamwangalia kijana asiye na haraka yoyote, na pembeni yake macho yaliyokufa yamepangwa kwa fungu. Kata samaki. Kwingineko Philippe anamwacha Tom kwenye kidau nyuma ya mashua, na jua linamchoma mgongo hadi ngozi inatoka. Mgongo huo tunauhifadhi kwenye folda ya pekee, pembe iliyoungua imekatwa. Pia kuna tukio la kioo, Tom amevaa nguo za mwenzake, ameiga sauti yake na anajibusu kwenye kioo, hadi Philippe anamkuta. Hapo unapata Delon wawili kwa bei ya mmoja. Kata Philippe.

Philippe ameigizwa na Maurice Ronet, na nakuomba usimzoee. Ni mwigizaji mzuri, ana uso wenye uchovu na dharau inayostahili kutazamwa, lakini amezaliwa na bahati ya kusimama karibu na Delon. Mwaka 1969, katika La Piscine ya Jacques Deray, walikutana tena kwenye jumba lenye bwawa la kuogelea karibu na Saint-Tropez, na Delon akamwua tena, safari hii kwa kumzamisha majini. Mara mbili katika miaka tisa. Mashabiki tumemwua mara ya tatu, kwa mkasi, na katika makusanyo makubwa zaidi ya picha za filamu hizo mbili kilichobaki cha Ronet ni bega la kushoto.

Filamu nyingine nitazipitia harakaharaka. Rocco e i suoi fratelli ya Luchino Visconti, pia ya 1960, haina rangi lakini ina machozi ya kutosha, hasa kule juu ya paa la kanisa kuu la Milano. Il Gattopardo, iliyompatia Visconti Palme d'Or ya tamasha la filamu la Cannes mwaka 1963, ina hila: Tancredi, yaani Delon, anajeruhiwa vitani na kwa muda anatembea na jicho moja limefunikwa kitambaa cheusi. Wakusanyaji wa dhati hawajamsamehe Visconti nusu hiyo. Le Samouraï ya Jean-Pierre Melville, ya 1967, ni zawadi. Muuaji wa kukodiwa amelala kitandani, anavuta sigara, anaamka, anavaa kofia, anapitisha vidole kwenye ukingo wake mbele ya kioo, na kwa dakika kadhaa hakuna anayesema neno. Hakuna irabu. Mtu anaweza kusogeza kidole chake kwenye E kwa amani kabisa.

Utaingia pia kwenye vita vya rangi. Filamu za rangi za miaka ile zilitumia kemikali ambayo kwenye nakala nyingi ilichuja na kuacha wekundu, kwa hiyo nakala ya zamani inamwonyesha Delon aliyeiva kwa jua hadi kupitiliza. Zikaja nakala zilizosafishwa upya. Ile ya Plein Soleil ilionyeshwa Cannes mwaka 2013, yeye mwenyewe akiwepo. Sasa bahari ni ya samawati, na ngozi ni ya nani? Watu wazima, wenye kazi na wajukuu, wamekosana juu ya swali hilo. Simama upande wowote, mradi uwe mkali.

Halafu simu itajaa. Hapo unatakiwa kufuta kitu, na mkusanyaji wa kweli hujulikana kwa anachoanza kufuta. Anza na video za harusi za ndugu wa mbali. Ukifika kwenye picha za watoto wako, pumzika kidogo, unywe maji. Ujiandae vilevile kwa siku ambayo mtoto wa dada yako ataazima simu yako kucheza gemu, afungue picha kwa bahati mbaya, akae kimya sana, kisha aulize: "Mama mdogo, huyu ndiye baba mdogo?" Jibu sahihi ni, "Rudisha simu."

Wazee wetu wa pwani nao walikuwa na ugonjwa huu, tusijifanye wa kwanza. Walikata picha za Dev Anand na Rajesh Khanna wa filamu za Kihindi kwenye magazeti ya sinema, wakazibandika ndani ya mlango wa kabati. Tofauti ni kwamba mwenye picha moja alikuwa ameikalia filamu nzima ukumbini, pengine zaidi ya mara moja, na angekusimulia kisa chote, nyimbo zikiwemo, pamoja na nani alimsaliti nani. Wewe una picha elfu nne na hukumbuki Philippe alikufa saa ngapi.

Suala la uzee linahitaji msimamo, na msimamo wetu umeungwa mkono na wafanyabiashara. Mwaka 2009 kampuni ya Dior ilipotaka uso wa kutangazia manukato yake ya Eau Sauvage, ilimchukua Delon. Alikuwa hai, ana miaka 73, anapatikana. Walichotumia ni picha yake iliyopigwa na Jean-Marie Périer mwaka 1966. Waingereza wa bendi ya The Smiths walikuwa wameshaonyesha njia mwaka 1986: gamba la santuri yao The Queen Is Dead ni Delon aliyetolewa kwenye filamu ya 1964, L'Insoumis, akiwa amelala chali katika rangi ya kijani. Kwenye filamu yenyewe ni askari mtoro, ana jeraha la risasi, na Ufaransa inatoka kwenye vita vya Algeria. Kwenye gamba ni kijana mzuri amejinyoosha. Ndiyo fani yetu hiyo, imefanywa na wenye kipaji.

Mwaka 2019 Cannes ilimpa Palme d'Or ya heshima. Kukawa na malalamiko kwa sababu ya kauli zake kuhusu wanawake na kuhusu wapenzi wa jinsia moja kulea watoto, na yeye akapanda jukwaani akalia. Usihifadhi fremu za siku hiyo. Mtu aliyegandishwa 1960 hajasema chochote bado.

Nimekaribia kumaliza, na imebaki siri moja ambayo wakusanyaji hawapendi isemwe. Kwa simulizi ya Delon mwenyewe, alikuwa ameitiwa kucheza Philippe, yule tajiri, na akakataa: alimtaka Tom. Alikuwa kijana aliyelelewa na watu baki baada ya wazazi kuachana, akajifunza kazi ya bucha kwa baba wa kambo, akapelekwa Indochina na jeshi la majini. Alijua sura nzuri inafanya kazi gani ikiwa mikononi mwa mtu asiye na kitu kingine: inafungua milango, inatuliza makarani wa hoteli, inamfanya inspekta azunguke na kuzunguka bila kupata pa kushika. Clément akamwelewa, na mpiga kamera Henri Decaë, huyohuyo aliyepiga Le Samouraï, akamwaga lile jua lote juu ya uso wake makusudi, ili sisi tulioketi gizani tumtakie muuaji safari njema. Sura ile ni mtego ndani ya hadithi. Anayegandisha filamu ili auhifadhi mtego ndiye aliyenaswa vizuri kuliko wote, na anastahili pongezi kwa kujitolea.

Katika riwaya ya Highsmith, Tom anaponyoka. Katika filamu, mashua inavutwa nchi kavu ili mnunuzi aikague, na kamba iliyonasa chini yake inatoka na maiti. Wakati huohuo Tom amejilaza kwenye kiti ufukweni, ana kinywaji, macho amefumba kwa raha. Mhudumu anamwita: kuna simu yake. Anainuka, anatabasamu, anaelekea wanakomsubiri polisi. Ni tabasamu bora kuliko yote aliyowahi kutoa, na huwezi kulielewa kama ulikata samaki, ukakata Philippe, ukakata maiti.

Basi itazame mara moja, mpaka mwisho, mkono ukiwa mbali na herufi E. Na nafasi ikibaki kwenye simu, mwekee Maurice Ronet picha moja yenye uso mzima. Alifariki 1983 akiwa na miaka 55, na folda yake bado haina kitu.