Mheshimiwa wa Kabine: Jaribio la Kuainisha Wanasiasa wa Umeme, Fungurume

Elimu ya mawe ina wataalamu wengi hapa Fungurume, mji wa migodi wa Kongo-Kinshasa, pengine kuliko wauza mikate. Wanayapima, wanayapiga muhuri, wanayapeleka ng'ambo. Lakini yupo kiumbe anayejitokeza kila uchaguzi kando ya barabara kuu, kati ya Likasi na Kolwezi, na mpaka leo hakuna aliyemtia kwenye chupa akambandikia jina. Ni mwanasiasa wa kuran, yaani wa umeme. Makala haya yanataka kuziba pengo hilo. Vifaa vya utafiti vilikuwa benchi moja ya mbao sokoni, macho mawili, na subira ya chaguzi nne: 2006, 2011, 2018 na 2023.

Tuanze na kielelezo cha kigeni, kwa kuwa hakuna msomi anayeheshimika bila kielelezo cha kigeni. Marekani kuna majimbo kama 10 ambako raia humpigia kura msimamizi wa bei za umeme, gesi na simu. Mkubwa wao wote ni Huey Long wa Louisiana. Mwaka 1918, akiwa na miaka 25, alichaguliwa kuingia kwenye tume iliyosimamia reli, ambayo katiba ya 1921 iliigeuza kuwa tume ya huduma za umma. Mwaka 1922 akawa mwenyekiti wake, akaikaba koo kampuni ya simu mpaka wateja wakarudishiwa pesa zao. Kwa sifa hiyo akawa gavana mwaka 1928, kisha seneta, na Septemba 1935 akapigwa risasi ndani ya jengo la serikali ya jimbo lake. Na spishi hiyo haijatoweka: Novemba 2025, huko Georgia, wajumbe wawili wa tume kama hiyo walipoteza viti vyao huku wapiga kura wakiwa na bili za umeme mkononi.

Kwetu mambo yamekaa kichwa chini. Sheria namba 14/011 ya tarehe 17 Juni 2014 iliiondolea SNEL, kampuni ya umeme ya serikali, ukiritimba wake, ikaunda na mamlaka ya kudhibiti sekta ya umeme, ARE kwa kifupi chake cha Kifaransa. Viongozi wa mamlaka hiyo wanateuliwa kwa amri ya Rais, na makao yake yako Kinshasa. Hawajawahi kuja Fungurume kuomba kura, na haki yao, maana hawaihitaji. Hapo ndipo inapozaliwa kanuni ya kwanza ya elimu hii: anayeweza kuigusa bei ya umeme hachaguliwi, na anayechaguliwa hawezi kuigusa. Mbunge wa jimbo, kwa hiyo, ni kama popo aliyezaliwa pangoni. Gizani jicho halimfai kitu, basi ameota masikio. Bei haifikii, bili haifikii, mitambo haifikii. Kinachofikiwa na mkono wake ni nguzo, waya na kabine. Ameishi kwa vitu hivyo mpaka vimekuwa umbo lake.

Kabla ya kuwapanga walio hai, lazima tuchimbe kidogo tuone mababu. Tabaka la chini kabisa ni la Union Minière, kampuni ya madini ya wakati wa ukoloni: mabwawa ya Nzilo na Nseke juu ya mto Lualaba, yaliyojengwa miaka ya 1950 kwa ajili ya migodi na viwanda vya shaba. Wakati huo hapakuwa na haja ya kumwahidi mtu chochote. Juu ya tabaka hilo amelala babu mkubwa wa spishi zote, Mobutu, aliyevuta laini ya umeme kutoka bwawa la Inga, magharibi mwa nchi, mpaka Kolwezi, kilomita 1,700 hivi, ikakamilika mwaka 1982. Wengi walioichunguza kazi hiyo wanasema shabaha haikuwa taa tu. Mito ya huku ingeweza kuongezewa mabwawa, lakini swichi ya Shaba, kama Katanga ilivyoitwa wakati huo, ingebaki Shaba, na Kinshasa ilikuwa haijasahau ujitenganishaji wa Katanga wa 1960 mpaka 1963. Ikachaguliwa swichi ya mbali. Tena mkondo wenyewe ni ule mnyoofu (DC), usioweza kuchotwa njiani bila kituo kikubwa cha kuugeuza, na kituo hicho kiko Kolwezi. Vijiji vya katikati vilipewa kazi ya kuutazama ukipita. Mobutu ndiye mwanasiasa wa kuran katika hali yake safi: umeme mwingi, na hakuna wa kumuuliza.

Sasa walio hai. Aina ya kwanza, Mpanda-nguzo, haituchukulii muda. Huonekana miezi mitatu kabla ya kura. Huchimba mashimo, husimamisha miti, hupiga picha. Waya hauji. Nguzo zake zina faida nyingi, na nimeziona kwa macho yangu zikifungiwa mbuzi, zikianikiwa nguo, zikibandikwa picha ya mpinzani wake.

Aina ya pili ndiyo moyo wa utafiti huu: Mleta-kabine. Msomaji asiye wa huku ajue kwamba kabine ni transfoma ya mtaa, pamoja na kijumba chake au nguzo zinazoibeba. Maisha ya Mleta-kabine yana hatua nne. Hatua ya lori: kabine inapitishwa barabarani mchana, polepole, ikiwa imefungwa kitambaa cha rangi za chama, na watoto wanaikimbilia. Hatua ya utepe: mkasi, fanfare, wamama wenye pagne za aina moja, na hotuba ambayo ndani yake neno “mimi” linatokea mara nyingi kuliko neno “volti”. Hatua ya mwanga: usiku ule mtaa unawaka, mulini unasaga unga wa bukari hadi saa nne, jina la Mheshimiwa linapewa mtoto mchanga. Kisha hatua ya nne, ambayo vitabu vya siasa huikwepa kwa sababu inahitaji hesabu.

Kabine imeundwa kubeba nyumba kadhaa. Mtaa ukisikia kuran imefika, wapangaji wanaongezeka, mtaa wa jirani unavuta waya wa kuiba juu ya paa, kila nyumba inanunua resho, yaani jiko la umeme, kwa sababu gunia la makaa limepanda bei na jiko la mbabula linakula. Jioni saa moja resho zote zinawashwa pamoja. Mafuta ndani ya kabine yanachemka, karatasi inayozitenganisha nyaya inaungua, na usiku mmoja mtaa mzima unasikia kishindo. Asubuhi wazee wanakutana, kila nyumba inakotiza mchango wake, na mjumbe anatumwa kwa Mheshimiwa. Simu ya Mheshimiwa nayo, kwa bahati, imeisha chaji.

Kutokana na uchunguzi huu ninapendekeza kanuni ya pili: umri wa kisiasa wa Mleta-kabine unalingana na umri wa kabine yake. Ikilipuka mwaka wa pili, amekwisha. Ikivumilia hadi wa tano, ana muhula mwingine. Kwa hiyo aliye na akili haleti kabine mapema. Anaileta mwishoni, ili kishindo kisikike akiwa ameshaapa.

Aina ya tatu, Mnguruma-delestaji (delestaji ni mgao wa umeme), huishi kwenye Bunge la Jimbo la Lualaba huko Kolwezi, jimbo lililozaliwa mwaka 2015 Katanga ilipogawanywa kuwa majimbo manne. Ana haki ya kumuita waziri wa jimbo na kumuuliza swali la mdomo, na anaitumia kwa sauti inayovuka barabara. Huuliza swali zito kweli: vipi jimbo lenye Nseke, lenye Nzilo, lenye Busanga ya megawati 240 iliyojengwa kwa ajili ya mgodi wa Sicomines, lina mitaa inayowasha mishumaa? Jibu analijua. Mabwawa yako Lualaba, ila mteja wa kwanza ni mgodi, na migodi yenyewe haishibi, nayo inanunua umeme mwingine mpaka Zambia. Mwaka 2016 Freeport-McMoRan iliiuzia China Molybdenum hisa zake za mgodi wetu wa Tenke Fungurume kwa dola bilioni 2.65. Bendera ya kampuni ikabadilika. Usiku anga la upande wa kiwanda likabaki jeupe vilevile, na la upande wetu jeusi vilevile.

Jambo la ajabu kwa Mnguruma ni kubadilika kwake. Akiteuliwa kuwa waziri, ngozi inavuka ndani ya wiki moja. Neno “delestaji” linamtoka kinywani, linaingia “hitilafu ya kiufundi”. Nimejaribu kuwatenga Mnguruma na Waziri kama spishi mbili, nikashindwa. Ni kiwavi na kipepeo, ingawa hapa mwenye kelele ni kiwavi.

Ya nne ni aina changa, na ninaigusa kwa haraka kwa kuwa vielelezo vyake bado vina wakili. Sheria ya madini iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2018 inaitaka kila kampuni kutenga angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazouzunguka mgodi. Pesa hiyo haitoki kwa mbunge wala kwenye mfuko wa baba yake. Lakini kuna kiumbe, nimempa jina Mpaka-rangi, ambaye mradi ukikamilika anatangulia na fulana zenye sura yake, anausifu, anaushukuru, na kufikia jioni ameuzaa. Kibiolojia hana tofauti na kuku anayetagia kwenye kiota cha mwenzake, isipokuwa huyu hatagi.

Nilipomaliza jedwali hili nililipeleka kwa mama anayeuza samaki wa barafu karibu na benchi langu, mwenye konjelo mbili za kugandishia na deni moja. Nilimsomea aina zote, na maelezo ya chini nikayaongeza. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima, huku akifukuza nzi kwa kipande cha katoni.

“Mwalimu,” akasema, “miye niko najua aina mbili tu.”

Nikaandaa kalamu. Akafungua konjelo, akatoa samaki mmoja, akamlaza juu ya meza, akambonyeza tumboni kwa kidole gumba.

“Wa samaki nguvu,” akasema, “na wa samaki tepetepe.”

Nikamuuliza Mheshimiwa wetu wa sasa yuko kwenye aina gani. Akanisogezea samaki, nimbonyeze mwenyewe.