Uwe Bingwa wa Hati za Dhahabu Bila Kutoka Jasho

Kwanza, chagua California. Dhahabu ilionekana kwenye kinu cha mbao cha Sutter Januari 1848, na 1849 watu wakamiminika. Miaka hiyo miwili inakutosha. Mgeni aliyeshika soda mkononi haulizi wa tatu.

Pili, nunua noti ya benki ya California ya 1849. Usisumbuliwe na katiba ya jimbo ya mwaka huohuo iliyozikataza benki kutoa noti za kuzungushwa kama pesa. Anayejua hilo usimwalike nyumbani, basi. Karatasi ikiwa nyeupe mno, iloweke kwenye chai ya rangi iliyokolea. Sukari usitie, utaita sisimizi.

Tatu ni hawala, na hapa ndipo penye utamu. Mchimbaji alipeleka vumbi lake la dhahabu kwa wenye benki San Francisco, akaandikiwa hati ya kulipwa ndugu zake New York. Bahari haina mdhamini, hivyo hati iliandikwa nakala mbili au tatu, kila moja ikapanda meli yake. Ikilipwa moja, zilizobaki hazina kazi. Ndiyo maana ya pili imeandikwa ilipwe endapo ya kwanza haijalipwa. Wewe nunua hiyo ya pili, isiyo na hata mhuri wa malipo mgongoni, kisha sema ya kwanza ilizama na meli ya Central America Septemba 1857, pamoja na shehena ya dhahabu. Meli hiyo ilizama kweli. Hati yako ikiwa ya 1853, weka kidole gumba juu ya tarehe.

Nne, sahihi. Sherman, kabla hajawa jenerali maarufu wa Marekani, alisimamia benki San Francisco kuanzia 1853, na karatasi aliyoitia sahihi ina bei ya kukimbiza usingizi. Tafuta mwandiko usiosomeka, useme wataalamu bado wanabishana. Wataalamu ni wewe na shemeji yako.

Hati za hisa nazo ni nzuri kwa ukuta, zina milima na treni. Nyingi ni za migodi ya fedha ya Nevada. Tia fremu ya rangi ya dhahabu, mjadala umekwisha.

Siku ukitaka kuuza, mkwepe mthamini. Mtafute mtu aliyemaliza nyumba juzi na ukuta wa sebule uko wazi, na umwambie bei kwa dola.