Muulize Bingwa: Kompyuta Inayodhani ni 2002

Bingwa, shikamoo. Pentium 4 yangu yenye Windows XP kila asubuhi inadai ni Januari 2002, kisha inazima katikati ya hesabu za duka. Wanangu wanasema niitupe.
– Muuza Mahindi, Tororo

Marahaba, mzee wangu. Kwa umri wewe ndiye wa kuamkiwa, lakini kwa elimu mimi ni babu yako, kwa hiyo naipokea. Hoja yangu ni moja, na wapinzani wangu (wivu tu) hawajaipangua: kompyuta kuukuu haiuawi na uzee, huuawa na vitu vidogo vya bei ndogo. Kusahau tarehe ni betri ya duara, CR2032 ya volti 3, inayoilindia saa umeme ukikatika. Ikiisha, mashine hurudi kwenye tarehe iliyowekwa kiwandani. Kuzima ni jambo la pili. Fundi afungue, apulize pumba za mahindi zitoke kwenye feni, kisha achungulie vimikebe vilivyozunguka prosesa. Ndizo kapasita. Yenye kichwa kilichovimba au iliyotoa utomvu wa kahawia ndiyo mchawi wako. Bodi nyingi za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilitoka na kapasita mbovu, dunia nzima, kwa hiyo acha kumtazama jirani kwa jicho baya. Mpya iwe na mikrofaradi zilezile, volti zisizopungua, na ihimili nyuzi 105. Upande wenye mstari ni hasi. Fundi akiugeuza, utasikia mlio. Washauri wa daraja la chini wangekwambia uifukizie ubani. Mimi nasema ifukize baada ya kubadilisha kapasita, ubani nao upate sifa.

Fundi wa kibanda kimoja mwenye pasi ya kulehemu anakutosha. Ukimkosa Tororo, nenda Busia, na uende kwa boda boda, maana usafiri huo ulizaliwa mpakani hapa, kwa baiskeli zilizovusha watu na mizigo. Uganda na Kenya zilihitaji marais wawili kufungua kituo cha pamoja cha mpakani Busia mwaka 2018. Mimi ningekifungua peke yangu, na kwa hotuba fupi zaidi. Ila ukivuka, iandikishe mashine forodhani, isije ikadhaniwa ukirudi kuwa unaiingiza nchini. Mwaka 2010 Uganda ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta kuukuu kwa kuhofia taka, na wapo wanaoitumia hofu hiyo kukwambia uitupe yako. Hapo ndipo mantiki inapowachengua: taka ni ile iliyotupwa, na yako bado inajumlisha magunia. Wengine watasema XP ni hatari, kwani Microsoft iliacha kuitengenezea viraka vya usalama Aprili 2014. Hao wana haki nusu. Usiiunganishe na intaneti. Mahindi hayana nywila. Flashi iliyotoka saiba usiichomeke kabla haijasafishwa virusi. Hatari ya kweli ni diski, maana za aina ya IDE haziundwi tena, ingawa kadi ya CompactFlash yenye adapta ndogo huishika nafasi hiyo, kwa kuwa kadi hiyo na IDE zinaelewana lugha.

Mhariri ananikata, basi upesi: nakili hesabu leo, kabla fundi hajagusa skrubu. Hesabu vijiti vya RAM mbele yake unapoiacha, na tena unapoichukua. Betri, kapasita, feni, basi. Wanao wape brashi wakusaidie kufuta vumbi. Anayefuata!