Shajara ya Hai Amarat, Juba: Kivinjari Kinapomaliza Kumbukumbu

Jumatatu
Jenereta imewashwa saa mbili asubuhi. Laptopu ya ofisi imechelewa kuwaka, na kivinjari kimechelewa zaidi. Kuna malori yamelala mpakani Nimule yakisubiri karatasi zetu. Naandika namba ya kontena, herufi hazionekani. Nainua mikono, zinatokea zote kwa mpigo, tarakimu moja imejirudia. Nafuta, na kufuta nako kunachelewa, mpaka namba nzima imetoweka.

Nimefungua orodha ya programu zinazotumia kompyuta. Laptopu hii ina gigabaiti 4 za kumbukumbu. Kivinjari peke yake kimeshika zaidi ya 2, na nyingi ya zilizobaki zimeshikwa na mfumo wenyewe wa kompyuta. Kumbukumbu ikijaa, kompyuta huanza kuhamishia mambo kwenye diski, na diski yetu ni ya zamani, ile inayozunguka, yenye kasi ndogo mno ikilinganishwa na kumbukumbu. Ndiyo sababu herufi zinachelewa. Karatasi za Nimule zimetoka saa kumi jioni, na malori yamelala tena.

Jumanne
Kijana wa stoo alikulia Kakuma, ile kambi ya wakimbizi ya Turkana, Kenya, iliyofunguliwa mwaka 1992, na Kiswahili chake ni cha shule ya huko. Kaniambia, "Dada, hii imejaa takataka. Ngoja nikusafishie." Akafuta historia, faili za muda na vidakuzi vyote.

Hakukuwa na nafuu. Historia na faili za muda hukaa kwenye diski, na tatizo letu liko kwenye kumbukumbu. Kilichobadilika ni kwamba tumetolewa kwenye akaunti zote, na kila ukurasa umeanza kupakuliwa upya kwa bando letu. Benki imetuma msimbo wa kuingia kwenye simu ya Mzee mwenye kampuni. Mzee yuko kwenye barabara ya Nimule, kilomita 192 za lami ambazo mtandao wake hukatika njiani. Amepiga simu jioni, akanisomea msimbo kwa sauti, tarakimu moja moja. Msimbo ulikuwa umeshakwisha muda wake. Malipo ya wakala wa forodha yamesogezwa mpaka kesho.

Jumatano
Leo sikugusa cha kufuta. Kivinjari chetu ni Chrome, nacho kina orodha yake ya ndani: bonyeza Shift pamoja na Esc, na kila kichupo na kila kiendelezi kinaonyeshwa na kiasi cha kumbukumbu kilichoshika. Ukibonyeza kichwa cha safu ya kumbukumbu, walaji wakubwa hupanda juu. Wenye Firefox huandika about:processes kwenye sehemu ya anwani.

Inafaa kujua kwa nini orodha hiyo ni ndefu. Chrome ilipotoka mwaka 2008, ilijengwa ili kurasa ziendeshwe katika michakato iliyotengana, ukurasa mmoja ukianguka usiangushe nyingine. Januari 2018 ikatangazwa kasoro ya vichakataji inayoitwa Spectre, ambayo ingeweza kuuwezesha ukurasa mmoja kusoma siri za mwingine ulio katika mchakato uleule. Mwaka huohuo Chrome ikaanza kuitenga kila tovuti katika mchakato wake, na Google wenyewe walisema kumbukumbu inayotumika ingepanda kwa takriban asilimia 10 hadi 13. Firefox ilifuata njia hiyo mwaka 2021. Kwa hiyo sehemu ya kumbukumbu hii ni gharama ya kulinda nywila ya benki yetu, na hiyo naikubali kwa moyo mmoja.

Sehemu nyingine haina sababu. Juu kabisa ya orodha kulikuwa na ukurasa wa barua pepe ulioachwa wazi tangu wiki iliyopita. Ukurasa ukikaa wazi muda mrefu unaweza kulimbikiza vitu ambavyo programu yake haiviachii. Niliupakia upya, ukashuka mpaka chini ya nusu. Wa pili ulikuwa ukurasa wa habari, na uzito wake ulitokana na video na matangazo yanayojiendesha pembeni. Nilipokuwa nafika wa tatu, dizeli ya jenereta ikaisha. Betri haikukaa. Wa tatu sikumjua leo.

Alhamisi
Nairobi wamepanga mkutano wa video saa tatu kamili. Sudan Kusini ilirudisha saa nyuma kwa saa moja tarehe 1 Februari 2021, kwa hiyo saa tatu yao ni saa mbili yetu, dakika ileile ya kuwasha jenereta. Nimeingia wakiwa wanamalizia salamu. Sura zao zilionekana kidogo, kisha ukurasa ukageuka kijivu, pakatokea kikatuni cha faili lenye uso wa huzuni na maneno kwamba kumbukumbu imekwisha. Mkutano umeendelea kwa simu ya mkononi.

Baadaye nikafungua kurasa zilezile kwenye dirisha la faragha. Humo viendelezi havifanyi kazi mpaka uviruhusu mwenyewe, na kompyuta ikaonekana nyepesi waziwazi. Nikarudi kwenye orodha ya Chrome, na mlaji wa tatu akajulikana: kiendelezi cha kugeuza nyaraka kuwa PDF, kilichowekwa na aliyetumia laptopu hii kabla yangu. Kilikuwa kinajipenyeza ndani ya kila ukurasa unaofunguliwa, na mzigo wake ukazidi kwa kila kichupo. Nimekiondoa. Saa moja baadaye mteja akataka ankara kwa PDF, na kijana wa stoo akanitazama. Kivinjari chenyewe kinaweza: Ctrl na P, kisha unachagua kuhifadhi kama PDF. Ankara imekwenda.

Ijumaa
Nimewasha mpangilio wa kuokoa kumbukumbu, ambao Chrome ilianza kuutoa mwishoni mwa 2022. Huvilaza vichupo visivyoguswa na kuachia kumbukumbu yake. Kwa laptopu ya gigabaiti 4 ni msaada mkubwa. Lakini kichupo kilicholazwa kikiamshwa hupakuliwa upya, na hapa Juba tunanunua bando kwa pauni zetu. Ukurasa wa kufuatilia kontena umelala na kuamka mchana kutwa, na saa tisa bando limekwisha kontena likiwa bado halijaonyesha lilipo. Nimeongeza bando, kisha nikauweka ukurasa huo pamoja na wa benki kwenye orodha ya tovuti zisizolazwa. Nimezima pia upakiaji wa kurasa kabla hazijaombwa, na ruhusa ya kivinjari kuendelea kufanya kazi nyuma baada ya kufungwa.

Jumamosi
Tumefanya nusu siku. Kijana wa stoo amepanga alamisho katika mafungu: forodha, benki, wateja. Kichupo kilichoachwa wazi ili kisisahaulike hula kumbukumbu saa zote. Alamisho haili kitu. Namba za kontena zinaonekana zinapoandikwa. Mzee amerudi kutoka Nimule, akauliza kama tununue laptopu mpya. Nimemjibu, "Mzee, kwanza tuongeze kumbukumbu kwenye hii, kama ina nafasi ya kuongezewa, na diski isiyozunguka. Pesa itakayobaki inunue dizeli." Amekubali.

Kwako unayetumia kompyuta ndogo, Juba au kwingineko: usianze kwa kufuta wala kwa kununua. Fungua orodha, umjue anayekula, umwondoe huyo. Nanyi mnaojenga kurasa za kazi kule Nairobi, Kampala na Dar es Salaam, Sudan Kusini imo ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2016, na watumiaji wenu wako huku pia. Kabla hamjautoa ukurasa, ujaribuni kwenye laptopu ya gigabaiti 4 na kwa bando la kununua. Ukishindwa kufunguka hapo, basi haujawa tayari kutumika.