Sifa za Kamba ya Bariyeri

Ukipita soko lolote la Luhwindja, milimani Kivu Kusini, Kongo, ukauliza nini kinamsumbua mkulima, utatajiwa mosaiki inayokunja majani ya muhogo, mnyauko wa migomba, mvua iliyosahau majira yake. Na mwisho, kwa sauti ya chini, utatajiwa kamba. Mosaiki ina watafiti wake. Mvua ina watabiri. Dhahabu ya mlimani ina mawakili. Kamba peke yake haina msemaji, na huo ni uonevu ambao siwezi kuunyamazia.

Nazungumzia ile kamba inayotandwa katikati ya barabara, tunayoiita bariyeri. Pengine ni nailoni iliyofungwa vitambaa, pengine mwanzi uliolazwa juu ya mawe mawili, pengine mti mrefu wenye jiwe kichwani, unaopanda na kushuka. Kando yake kuna kibanda, ndani ya kibanda kuna mtu, na mbele ya mtu kuna daftari. Hakuna zaidi. Kwa vifaa hivyo vichache imefanya kazi ambayo wizara nzima zimeishindwa: imemfikia mkulima.

Tuanze na nasaba yake, maana kamba si mtoto wa jana. Kabla ya yote kulikuwa na kalinzi. Mtu wa Bushi, nchi yetu ya Washi, aliyetaka shamba alimpelekea mwami, mtawala wa jadi, au mkubwa aliyemwakilisha, ng'ombe, au mbuzi na pombe, akapewa udongo ambao wanawe wangeurithi. Utaratibu huo ulikuwa na kasoro: ukishatoa umetoa, na mkononi unabaki na shamba. Kamba imeirekebisha kasoro hiyo. Inatoza kila siku ya soko, na haimwachii mtu usumbufu wa kumiliki chochote.

Wakaja Wabelgiji na kilimo cha lazima: siku 60 kwa mwaka, na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia zikafika 120. Asiyepanda alijua faini, alijua jela, alijua kiboko. Serikali ile iliingia shambani, ikahesabu mashina, ikauliza magugu haya ni ya nani. Kamba ina adabu kuliko hivyo. Haijakanyaga shamba la mtu hata siku moja. Haiulizi umepanda nini, panya wamekula kiasi gani, wala mvua ya mawe ilipita lini. Inakungoja barabarani, umalize taabu yako kwanza.

Julai 1973 ikaja sheria ya ardhi. Ilitangaza kwamba ardhi ni mali ya Dola, na kwamba haki za wenyeji juu ya ardhi wanayoishi na kuilima zingepangwa kwa amri ya Rais. Nusu karne ikapita bila amri hiyo kutoka. Mkulima wa Luhwindja akaendelea kulima mahali ambapo sheria haikumwambia ni pake wala si pake. Kamba, kwa upande wake, haikumsubiri Rais yeyote. Siku ilipohitajika ilitandwa, na mchana ule ule ikaanza kazi.

Tena, tarehe 24 Desemba 2011, mkesha wa Noeli, ikatangazwa sheria ya misingi ya kilimo. Ni sheria nzuri, isomwe kwa heshima. Inaunda Mfuko wa Taifa wa Maendeleo ya Kilimo. Inasamehe ushuru wa pembejeo zinazoingizwa kwa ajili ya kilimo. Inataka mabaraza ya ushauri ambamo wakulima wenyewe watasikika. Sasa muulize mama wa Idudwe au wa Luduha, humu humu Luhwindja, habari za Mfuko wa Taifa. Atakuuliza unauzwa soko gani. Lakini muulize habari za kamba: atakutajia mahali ilipo, jina la anayeilinda, saa anayoamka, na anachotaka akiwa amelewa. Sheria gani nyingine nchini inajulikana na raia kwa undani namna hiyo?

Huko Mulungu, katika Kabare, kuna kituo cha utafiti wa kilimo cha INERA, ambako mbegu za maharagi na muhogo zimechunguzwa kwa miongo mingi. Mbegu hizo zinapanda milima polepole. Agronomu wa serikali, anayepaswa kuzileta, mara nyingi hana pikipiki. Akiwa nayo, hana mafuta. Akipata mafuta, hana mshahara. Luhwindja ina grupema tisa, na kumwona agronomu katika zote tisa ndani ya msimu mmoja ni jambo la kusimulia wajukuu. Kamba haihitaji mafuta. Haijawahi kuomba semina.

Na tazameni maarifa yake. Mlinzi wa kamba hana mizani, lakini akiutupia mzigo jicho moja anajua una kilo ngapi na mwenye nao ana faranga ngapi. Mahojiano yake ni mafupi na ya kitaalamu:

"Mama, umebeba nini humo?"

"Muhogo, chefu."

"Na chini ya muhogo?"

"Muhogo tena, chefu."

"Mbona ni mwingi?"

Hapo mama hana jibu, maana kweli ni mwingi: alilima kwa miezi zaidi ya kumi ili uwe mwingi. Atoe noti, au atoe mihogo mitatu, au aketi juani mpaka soko lifungwe. Kamba haimlazimishi, inampa uhuru wa kuchagua. Akiomba risiti, ataambiwa daftari limekwisha. Mambo ya karatasi yamemchelewesha mkulima huyu tangu 1973, kwa hiyo amepunguziwa mzigo.

Kuna wanaosema kamba inabagua. Ni uongo, na ushahidi uko mlimani hapo hapo. Pale Twangiza, kampuni ya Banro ya Kanada ilimimina dhahabu yake ya kwanza mwaka 2011, na Septemba 2012 ikatangaza kwamba uzalishaji wa kibiashara umeanza. Mkataba wake na Dola uliipa msamaha wa kodi wa miaka 10 tangu kuanza kuzalisha. Familia zilizokuwa na nyumba na mashamba katika eneo la mgodi zilihamishwa, nyingi zikapelekwa Cinjira, juu, kwenye baridi na udongo mgumu. Kwa hiyo dhahabu ilipewa likizo ya miaka 10, na muhogo haujapewa hata Jumapili. Wenye wivu wanaona upendeleo. Mimi naona heshima. Dola ilitambua kwamba dhahabu ni dhaifu, mgeni anayehitaji kubembelezwa asije akakasirika akaondoka. Mama wa muhogo ameaminiwa kuwa na shingo ya kuibeba nchi.

Sifa yake nyingine ni uaminifu. Mobutu alikwenda, kamba ikabaki. Waasi wa AFDL walipita mwaka 1996, wale wa RCD wakatawala Bukavu tangu 1998, makundi ya milimani yakaja na kuondoka, serikali ya mpito ikaanza 2003, uchaguzi ukafanyika, na Februari 2025 M23 ikaingia Bukavu. Kila mwenye bunduki alikuja na bendera yake, wimbo wake na maelezo yake kuhusu ukombozi. Wote walipofika barabarani walikubaliana juu ya jambo moja: kwamba kamba ni ya lazima. Katika nchi ambayo watu wanatafuta msingi wa umoja wa kitaifa kwa mikutano ya gharama kubwa, msingi huo umelala hapo barabarani.

Msidhani nasifu kitu cha pembeni. Mwaka 2017 watafiti wa taasisi za IPIS ya Ubelgiji na DIIS ya Denmark walitoa ramani ya bariyeri za Kivu mbili. Walihesabu karibu 800, zaidi ya 300 kati yake zikiwa Kivu Kusini. Na wasije wakasema ni kazi ya majambazi wa msituni tu: kwenye nyingi kati ya hizo walisimama watu wa serikali yenyewe. Zahanati ngapi, ghala ngapi za mbegu, zinaweza kujivunia kuenea namna hiyo?

Kamba pia ina ustahimilivu. Tarehe 28 Machi 2002 ilitoka dekreti iliyotaja huduma nne tu zinazoruhusiwa kufanya kazi mipakani: forodha, ukaguzi wa bidhaa, usafi na uhamiaji. Zile nyingine ziliisoma dekreti hiyo, zikaipenda, zikaendelea kuketi pale pale. Katiba ya 2006, kifungu cha 174, inasema hakuna kodi inayoweza kuwekwa isipokuwa kwa sheria. Magavana nao wameamuru bariyeri ziondolewe, na zikaondolewa kweli: mita 200 mbele, baada ya kona.

Zimebaki lawama mbili ambazo lazima nizijibu. Ya kwanza ni kwamba kamba inapandisha bei ya chakula mjini. Kweli, kila kituo kinaongeza kidogo, na mama anayefika Kadutu au Nyawera hana budi kuyarudisha yote katika bei. Lakini watu wa Bukavu walizoea kudharau jasho la mlima. Sasa wakila bugali wanaihisi gharama yake. Wakishindwa, nyanya na vitunguu vinavuka Ruzizi kutoka Rwanda, na ujirani mwema unaimarika.

Lawama ya pili ni kwamba kamba inamvunja mkulima moyo, kwamba mtu aliyeweza kulima vipande vitatu analima kimoja, cha kula nyumbani, kwa sababu cha kuuza kitaishia njiani. Hapa wanauchumi wanalia. Mwaka 2003, mjini Maputo, wakuu wa nchi za Afrika waliahidi asilimia 10 ya bajeti kwa kilimo, na kwa miaka mingi Kongo ilikaa mbali sana na kiwango hicho. Ikiwa Dola yenyewe imeona kilimo si kitu cha kuzidishiwa nguvu, kwa nini mama wa Luhwindja azidishe? Kamba inamfundisha kiasi. Kiasi kikifika mwisho wake, kijana anaacha jembe, anashuka shimoni kuchimba dhahabu kwa nyundo na patasi, na huko pia atakuta kamba. Hatajiona mgeni.

Hata mlinzi wake asilaumiwe bila kusikilizwa. Mara nyingi naye ni mtoto wa mkulima, mama yake hupita bariyeri nyingine kwenye barabara nyingine. Mshahara wake haufiki, au unafika umekatwa. Anachokusanya hakilali mfukoni mwake chote. Kuna mkubwa anayesubiri sehemu yake jioni, na mkubwa huyo ana mkubwa wake. Kamba ni fupi pale barabarani, lakini ncha yake nyingine imefungwa mbali, ofisini, kwenye kiti cha kuzunguka.

Kwa sababu hizo zote natoa pendekezo kwa wakubwa wa jimbo, yeyote yule atakayekuwa ameketi siku yatakaposomwa haya. Kwa kuwa taasisi pekee ya serikali inayoamka alfajiri kwa ajili ya mkulima ni kamba, ipewe kazi zote za kilimo. Anayepita na muhogo akabidhiwe vipandikizi visivyo na mosaiki. Anayetoa noti apewe risiti yenye nambari. Kila bariyeri ibandike ubao wa bei ya soko la Bukavu ya siku hiyo, na jina la sheria inayoiruhusu kuwepo. Iliyokosa sheria ya kuandika kwenye ubao ijifungue yenyewe, isisogee mita 200.

Na kama pendekezo hilo ni gumu mno, basi lifanyike lililo rahisi: mlinzi alipwe mshahara wake, agronomu apewe pikipiki yake, na mama aachwe apite na muhogo wake.