Kikao cha Kabatini

Studio moja ya picha huko Jomvu Kuu, upande wa bara wa Mombasa, ambayo siku hizi hujikimu kwa picha za paspoti na fotokopi, ilikuwa na kabati la kioo walimokaa jamaa watatu wasiopikika chungu kimoja: Mzee Filamu, kamera inayonasa mwanga kwenye mkanda uliopakwa chumvi za fedha, Bi Dijitali, ambaye mahali pa mkanda ana kihisi, yaani kipande cha silikoni kinachogeuza mwanga kuwa umeme na umeme kuwa tarakimu, na Simu, aliyeachwa hapo abadilishwe kioo. Ukutani alining'inia Pazia, kitambaa kilichochorwa ndege, meli na maghorofa, ambaye kwa kawaida hakuulizwa neno.

Ugomvi uliwashwa na Bi Dijitali alipoanza kusoma nasaba yake. “Mwaka 1975,” alisema, “mhandisi Steven Sasson wa kampuni ya Kodak, Marekani, aliunda kamera ya dijitali yenye uzito wa takriban kilo 3.6, iliyotumia sekunde 23 kuandika picha moja kwenye kaseti, na picha hiyo, isiyo na rangi, ilikuwa na pikseli 10,000 tu, ndivyo viitwavyo vitone vinavyoungana kuwa sura ya mtu. Leo simu ya kawaida huvihesabu kwa mamilioni.”

“Nasaba ya kujivunia hiyo, mwanangu,” alijibu Mzee Filamu. “Mtoto alizaliwa nyumbani kwa Kodak, akalelewa na Kodak, kisha Kodak hiyo hiyo, iliyozoea kuishi kwa kuuza filamu, ikaenda mahakamani Januari 2012 kuomba kinga dhidi ya wadai wake. Hata hivyo, negativu haikusema uongo hata siku moja.”

Hapo Pazia alicheka mpaka vumbi likamtoka.

“Shikamoo, Mzee, lakini uongo tulisema sote. Katika miaka ya 1990, kwenye kivuko cha Likoni, wapiga picha walijenga vibanda vya mapazia na mapambo, na kibarua aliyetoka bara, ambaye hajawahi kukanyaga uwanja wa ndege, alipigwa picha mbele ya ndege, akaituma kwao. Negativu ikashuhudia yote bila kupepesa. Na hizo rangi zako? Zilisawazishwa maabara kwa kadi ya Kodak yenye picha ya mwanamke mzungu, kadi iliyojulikana kwa jina la Shirley, ndiyo maana bibi harusi mweusi alitokea albamuni kama kivuli chenye meno.”

Mzee Filamu alinyamaza, jambo ambalo kwa umri wake halikuwa dogo.

Simu akajitapa kwamba kosa hilo limekwisha kusahihishwa, kwa kuwa watengenezaji kama Tecno, wanaolenga soko la Afrika, huzirekebisha programu zao zisome ngozi nyeusi. Tena kitufe kikibonyezwa mara moja tu, picha kadhaa hupigwa mfululizo, zikaunganishwa kwa hesabu, giza likapungua, chunusi zikaondoka.

“Nani aliomba chunusi ziondoke?” aliuliza Bi Dijitali.

“Hakuna aliyeomba. Huduma ni ya bure.”

Mazungumzo yakageukia yajayo, maana programu za akili mnemba, ambazo hutunga picha kutokana na maelezo ya maneno, hazihitaji lenzi wala mtu wa kusimama mbele yake. Bi Dijitali alieleza kuwa dawa imepatikana: mwaka 2023 kampuni ya Leica ilitoa kamera ya M11-P, inayoweza kuitia picha cheti cha dijitali kinachoonyesha ilipigwa kwa kamera gani na ikabadilishwa vipi baadaye. Bei yake ilizidi dola 9,000.

“Basi mtu akipigwa kwa kamera hiyo mbele ya ndege ya kuchorwa,” aliuliza Pazia, “cheti kitasema picha ni ya kweli?”

“Kitasema ilipigwa kweli,” alikiri Bi Dijitali kwa shingo upande.

Hoja nzito ya kikao ilikuwa ya kitambaa: mteja wa Likoni aliujua uongo wake, akauchagua kwa kidole na kuulipia, ilhali mteja wa simu hupewa uso asiouomba, akauamini. Kikao kilivunjika alipoingia mtu kutaka picha ya paspoti, ambayo sharti ipigwe mbele ya weupe mtupu, na Pazia akakunjwa.